Saba ya Wapi?

Alhamisi moja ya Julai, saa tano kasorobo asubuhi, baridi ile ya Nairobi inayokufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili, busta yetu, mashine inayoongeza presha ya gesi, ilikwama kwenye bar 165 (bar ni kipimo cha presha).

Haikuharibika. Ingeharibika, ningejua la kufanya. Ilipiga tak-tak-tak kama kawaida yake, ikaanza kusitasita, tak… tak…, halafu kimya. Kompresa huko nyuma ilikuwa inanguruma, paipu zimebana, hewa inasukuma, na pistoni imesimama tu kama punda aliyegoma katikati ya barabara ya Lunga Lunga. Mteja, kijana wa matengenezo kutoka kiwanda kimoja cha plastiki, alikuwa amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, anaitazama geji. Akyumuleta yake, chombo cha kuhifadhi presha kwenye mashine za kiwandani, ilitakiwa ijazwe naitrojeni mpaka bar 180.

Alinitazama mimi. Mimi nikaitazama geji.

Mia moja sitini na tano.

Nikampigia aliyeniuzia mashine. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyekwisha kulipwa. “Madam, hiyo busta inafika mia mbili na kumi. Imeandikwa kwenye karatasi ya vipimo.”

“Najua imeandikwa. Njoo basi uisomee.”

Aliahidi kutuma fundi Jumatatu. Kijana wa plastiki akapakia akyumuleta yake kwenye pikapu na kuondoka bila kuaga vizuri, na nilijua anakokwenda, maana washindani wangu wako mitaa miwili tu kutoka hapa. Kwa hasira hiyo nikafungua lile kundi letu la WhatsApp la wenye karakana. Nikamtaja muuzaji kwa jina lake na la duka lake, nikaandika: “Msinunue busta hapo. Namba zao ni uongo mtupu.”

Kufikia saa nane mchana ujumbe huo ulikuwa umeshasambazwa kwenye makundi nisiyoyajua.

Hilo neno “uongo” ndilo limeninyima raha miezi kadhaa sasa.

Jedwali langu la rangi ya kijani

Nilianza kutafuta muuzaji mwingine siku ileile. Mimi nikikasirika hufanya kazi haraka sana, jambo ambalo mume wangu husema si sifa. Ndani ya siku kumi nilikuwa na kotesheni nne. Moja ilitoka kwa bwana wa kiwanda huko Uchina aliyekuwa akinijibu saa tisa usiku na kuniita rafiki mpendwa kwenye kila sentensi. Ya pili ilitoka kwa wakala wa kampuni ya Ulaya, ofisi yenye zulia kule Upper Hill, kitabu cha picha kizito kuliko Biblia ya mama yangu. Ya tatu ilikuwa ya jamaa wa Kirinyaga Road anayeleta mashine zilizotumika. Ya nne ilitoka kwa mzee mmoja wa Mombasa niliyeelekezwa na fundi wa meli.

Nikatengeneza jedwali kwenye kompyuta. Bei. Presha ya juu kabisa. Mtiririko wa juu kabisa. Muda wa kuletewa. Waranti. Nikapaka kijani palipokuwa pazuri na nyekundu palipokuwa pabaya, nikajiona mhandisi.

Nikamwonyesha fundi wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Mzee ingawa ananizidi miaka kumi na mbili tu. Mzee hakusoma zaidi ya darasa la nane na hapendi kompyuta. Aliinama, akaweka kidole chenye grisi kwenye kioo (nilivumilia), akauliza:

“Binti yangu, hii presha na huu mtiririko, vinakuja siku moja?”

Sikumwelewa.

“Nauliza, ikifika hii presha ya juu, huu mtiririko wa juu bado upo?”

Haupo. Na nililijua hilo. Nilifundishwa darasani, nikafanya mtihani, nikapita. Lakini kujua jambo na kulikumbuka wakati una kotesheni mkononi ni vitu viwili.

Busta za aina yetu hazina mota. Kuna pistoni kubwa inayosukumwa na hewa ya karakana, na imeungwa kwa fimbo na pistoni ndogo inayosukuma gesi. Eneo la uso wa ile kubwa likigawanywa kwa eneo la uso wa hii ndogo ndio uwiano. Ya kwetu ni 1 kwa 30. Ukiipa hewa ya bar 7, upande wa gesi utasukuma mpaka bar 210, basi. Hapo nguvu za pande mbili zimelingana na hakuna anayemsogeza mwenzake. Kwa hiyo ile 210 iliyoandikwa kwa wino mzito si presha ambayo mashine inafanyia kazi. Ni presha ambayo mashine inafia. Mtiririko pale ni sifuri kamili. Na ule mtiririko wa juu ulioandikwa mstari wa chini yake unapatikana pale ambapo mbele hakuna upinzani wowote, yaani pale ambapo huhitaji busta.

Ni sawa na kuusifu mkokoteni kwamba unabeba magunia kumi na tena unateremka mlima mbio kama boda. Yote mawili ni kweli. Lakini usipande.

Nikafuta rangi zangu zote. Nikawaandikia wote wanne swali moja: nikiingiza gesi ya bar 30, nikitaka itoke bar 180, na hewa yangu ni bar 6, nitapata lita ngapi kwa dakika?

Rafiki mpendwa alinitumia kile kitabu kilekile kwa mara ya pili, na picha ya kiwanda chao kipya. Wa Upper Hill akasema atauliza Ulaya. Siku tisa baadaye alileta mchoro wa kweli wenye mistari, kila mstari na presha yake ya kuingilia, na namba niliyoitaka nikaweza kuisoma mwenyewe kwa rula. Nilimheshimu kwa hilo, japo bei yake ilinifanya nifunge kompyuta niende nikatembee. Wa Kirinyaga Road alicheka. “Madam, mashine ni hii hapa, ishike.”

Na yule wa Mombasa hakujibu. Alipiga simu.

Simu

Watu wa Pwani hawaanzi na biashara. Tuliulizana habari za watoto, mvua, na kama treni ya asubuhi bado inajaa. Ndipo akasema:

“Sasa, dada yangu. Hewa yenu hapo ni bar ngapi?”

“Saba,” nikasema, bila kufikiri. Nimesema saba kwa miaka minne.

“Saba ya wapi?”

“Ya… ya karakana.”

“La, nauliza saba ya wapi. Ya kwenye kompresa, au ya pale kwenye mdomo wa busta? Na ni saba ya alfajiri kabla watu hawajafungua, au saba ya saa tano kila mtu ameshika bomba lake?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na geji moja tu, iko kwenye tangi la kompresa, ukutani nyuma, mita kama arubaini kutoka mahali busta ilipofungwa.

Akaendelea, bila haraka, kana kwamba hajui ameniumiza. “Halafu nyinyi mko juu. Hilo nalo mmelihesabu?”

Hatukulihesabu. Eneo la Viwanda liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya hapa imepungua: presha yake ni kama asilimia 82 ya ile ya ufukweni. Kompresa inavuta ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa kidogo. Alinifanyia hesabu papo hapo kwenye simu, nami nikairudia baadaye kwa kalamu. Kupata lita moja ya hewa ambayo geji inaisoma bar 6, kwao Mombasa unahitaji lita kama 7 za hewa ya nje. Kwetu ni lita 8 na ushei. Kompresa yetu ilipoandikwa ubavuni uwezo wake, aliyeandika alikuwa amesimama mahali palipo sawa na bahari.

“Kwa hiyo karatasi zao ni uongo,” nikasema. Nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kuniunga mkono.

“Si uongo. Ni kweli ya mahali pengine.”

Nilikata simu nikiwa nimemkasirikia, na kwa sababu sikujua kwa nini nimemkasirikia, nikaenda kumsumbua Mzee.

Tulipofunga geji

Ilituchukua nusu saa. Kiungio cha njia tatu, geji ndogo ya shilingi mia chache kutoka Kirinyaga Road, teflon ya kuzungushia, na Mzee akinung’unika kwamba aliomba geji hiyohiyo tangu mwaka juzi. (Kweli. Nimetafuta ujumbe wake. Nilimjibu “tutaona.”)

Asubuhi, karakana ikiwa kimya: 6.9.

Nikatabasamu. Nikapiga picha.

Saa nne na nusu, vijana wakafungua bomba la kupulizia mchanga. Sindano ikashuka kama inayoona aibu. 6.2. Akaingia wa kupiga rangi. 5.8. Ikawa inacheza hapo, na kila mtu alipokuwa amekamata kazi yake, saa ileile tunayopokea wateja wengi, ikakaa kwenye 5.5.

Mzee ndiye aliyegawanya. Aliandika kwa chaki kwenye sakafu, kwa tarakimu zake kubwa za mtoto wa shule:

165 ÷ 30 = 5.5

Hakusema kitu. Aliiacha hapo chini, akaenda kuosha mikono.

Nimewahi kuaibika mbele ya watu. Hii ilikuwa ya namna nyingine, kwa sababu aliyenikamata alikuwa chuma. Ile busta niliyoitangaza kuwa ya uongo, siku ile ya baridi mteja akiwa juu ya ndoo, ilikuwa imefanya kila kilichoandikwa kwenye karatasi yake bila kupungukiwa hata bar moja. Ilipewa 5.5, ikatoa 165, ikasimama. Kwa wiki tatu nilikuwa na kipimo sahihi kabisa cha hewa yangu, kikubwa kama debe, na sikujua kukisoma.

Tukaifuata ile laini ya hewa mguu kwa mguu. Paipu ya mpira ya nusu inchi, imeungwa mara tatu kwa kapla za haraka, kila kapla ikibana kidogo. Filta iliyojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Na kwenye mdomo wa kutolea hewa wa busta kulikuwa na alama ambayo ningepaswa kuielewa miezi mingi nyuma: kila mchana ulikuwa ukiota barafu. Barafu, Nairobi. Vijana waliuita “friji” na kuwekea soda kando yake. Hewa ikitanuka ghafla inapoa, na ikiwa ina unyevu, unyevu unaganda hapo na kuziba njia. Friji yao ilikuwa inatuambia kwamba hewa yetu imejaa maji.

Tulicheka kwa mwaka mzima.

Sasa nilihitaji mashine mpya kweli?

Hapa ndipo nilipokwama zaidi, na sitajifanya kwamba nimetoka nikiwa safi.

Tukaweka bomba la chuma la inchi moja mahali pa ule mpira. Tukatoa kapla mbili. Tukanunua kikaushi cha hewa kilichotumika, na tangi dogo tukalisimamisha kando ya busta ili lihifadhi pumzi pale mchanga unapofunguliwa. Tangi hilo lilitugharimu siku zaidi ya pesa, kwa sababu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka matangi ya hewa yakaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa, na sikutaka kuwa na bomu lenye stika ya mtu mwingine. Baada ya hayo yote, geji ya mdomoni ikawa haishuki chini ya 6.5 hata karakana ikichemka.

Mara 30, ni 195. Kwa hiyo 180 inafikika.

Inafikika, ndiyo. Lakini mashine ikikaribia mahali inapofia, inatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Mtungi wa naitrojeni ukiwa mpya, wa bar 150, tulijaza akyumuleta kwa dakika kama ishirini. Mtungi uleule ukishuka mpaka 40, kila pigo la pistoni linachota gesi kidogo, kama robo tu ya ile ya mwanzo, na lazima liibane mbali zaidi. Ilipita saa moja na nusu, nikaacha kuhesabu. Na kazi yote ya busta kwangu ni hiyo ya mwisho wa mtungi. Lita 50 kwa bar 150 ni kama mita 7.5 za ujazo za gesi, nimelipia zote. Nikiurudisha ukiwa na bar 75, nimemrudishia aliyeniuzia gesi nusu ya mali yangu, na dereva wake wa lori anatabasamu tu.

Basi nilihitaji mashine nyingine? Nilijiambia ndiyo. Usiku nilijiuliza vingine: unaihitaji, au umeshatangaza kwamba ya kwanza ni mbovu, na sasa unanunua ya pili ili maneno yako yawe kweli?

Mume wangu, nilipomweleza saa sita usiku, alisema, “Tofauti ni pesa ngapi?” Kisha akalala.

Nilingoja mwezi mzima. Mzee akawa anaandika daftarini kila mtungi umerudishwa na bar ngapi na kila kazi imechukua dakika ngapi. Mwisho wa mwezi daftari lilisema tunarudisha mitungi na wastani wa kati ya 60 na 70, kwa sababu vijana hawana subira ya kusubiri chini ya hapo, nami siwalaumu. Hesabu ya gesi hiyo kwa mwaka ndiyo iliyonishawishi. Sina hakika ingenishawishi kama nisingekuwa nimeshatangaza.

“Gesi ni gesi”

Mtaniuliza kwa nini sikurudi kwa yule wa kwanza, ikiwa mashine yake ilikuwa ya kweli. Nilirudi. Nilimwendea dukani kwake, kwa miguu yangu, nikiwa na nia ya kuomba radhi na pengine kununua.

Tulianza vizuri. Akaniagizia chai. Kabla sijafika kwenye radhi, simu yake ikaita. Alikuwa mtu wa hospitali fulani ndogo nje ya mji: wana mtambo wao wa kutengeneza oksijeni, unaotoa presha ya chini, wanataka kujaza mitungi. Akanikonyeza kama tunaojuana kibiashara, akamwambia yule mtu kwamba anayo busta tayari dukani, ileile aliyoniuzia mimi.

Akikata simu nikamuuliza: ileile? Ya naitrojeni?

“Madam, gesi ni gesi.”

Nilishika kikombe na sikunywa.

Naitrojeni ni mpole. Ukikosea nayo utapoteza presha, au ukiwa kwenye chumba kisicho na dirisha utapoteza hewa ya kupumua, jambo baya la kutosha. Lakini haichomi kitu. Oksijeni ya presha kubwa inafanya mambo ambayo si ya kawaida kuwaka yawake: mpira wa sili (zile pete za kuzuia gesi isivuje), grisi, vumbi la alumini, alama ya kidole chenye mafuta. Na kubana gesi ni kuipasha moto. Gesi ya joto la kawaida ikibanwa ghafla mara sita bila nafasi ya kupoa inaweza kupita nyuzi 200. Weka joto hilo, weka tone la mafuta, weka oksijeni, na hukuhitaji kiberiti.

Ndiyo maana busta ya oksijeni ni mnyama mwingine hata kama umbo ni lilelile. Sehemu zake husafishwa mafuta kwa utaratibu wake na kufungwa kwenye mfuko mpaka siku ya kufungwa mahali pake. Sili zake ni za vifaa vinavyovumilia. Kati ya upande wa hewa na upande wa gesi kuna chumba chenye tundu la kupumulia, ili mafuta ya kompresa yanayotambaa kwenye fimbo yaishie nje, yasifike kwenye gesi. Valvu zake hufunguliwa polepole. Na ikishaguswa na hewa ya karakana yenye mafuta, hairudi kwenye oksijeni mpaka isafishwe upya.

Nilimwambia hayo. Nilimwambia kwa adabu, maana bado nilikuwa na deni la radhi. Akasema, “Sawa, nitawaambia waifute vizuri.”

Niliondoka bila kuomba radhi.

Sijui kama aliwauzia. Nilimwandikia nikimwomba anipe namba ya ile hospitali, hakujibu. Siku mbili baadaye nilikumbuka alitaja jina la mji wakati wa simu, nikawatafuta mwenyewe, nikazungumza na mama mmoja wa stoo aliyeandika kila kitu na kunishukuru mara tatu. Hilo ndilo ninaloweza kusema.

Tangu siku hiyo, muuzaji yeyote anayeniambia mashine yake inabeba gesi zote, mazungumzo yanaishia hapo hata bei ikiwa ya bure. Wale wanne wa kotesheni niliwapima kwa swali hilo. Rafiki mpendwa alisema gesi zote, hakuna tatizo, na kuweka picha ya dole gumba. Wa Kirinyaga Road alikuwa mkweli: “Sijui ilibeba nini huko ilikotoka.” Hilo nalo ni jibu, na ndilo lililomwondoa. Wa Upper Hill na wa Mombasa wote walitaka barua yangu yenye saini kusema ni naitrojeni pekee. Nilikerwa na barua hiyo kwa muda wa kama dakika tano.

Wawili waliobaki

Bei sitaikalia sana. Wengi wenu mnajua namna kotesheni ya nje inavyozaa watoto ikifika hapa: cheti cha ubora kabla ya meli, ada ya tamko la uagizaji, ada ya reli, ushuru ukikuangukia, VAT ya asilimia 16 juu ya jumla, na kijana wa klia, wa kutoa mizigo bandarini, ambaye kila siku ana “kitu kidogo kimebaki.” Wa Upper Hill aliniwekea bei ya mashine ikiwa imesimama mlangoni kwangu. Wa Mombasa aliniwekea bei ya bandarini kwanza, nikamkumbusha swali lake mwenyewe.

“Bei ya wapi hii, mzee wangu?”

Alicheka mpaka akakohoa. Akaandika upya.

Kilichonichukua muda ni sili. Busta hizi zinakula sili, ndiyo chakula chake, na hakuna muuzaji anayependa kuzungumzia hilo. Wa Upper Hill alikuwa na waranti ndefu kuliko wote, lakini nilipoisoma usiku, mashine inarudishwa kiwandani Ulaya, kwa gharama yangu ya kusafirisha, na sili hazimo. Wa Mombasa alikuwa na waranti fupi, nusu yake, na kasha la sili kwenye rafu yake ambalo nilimwomba alipige picha pamoja na gazeti la siku hiyo. Alipiga. Gazeti lilikuwa limekunjwa kwenye ukurasa wa mpira.

Ana kasoro zake. Ijumaa kuanzia saa sita hapatikani, na mimi wateja wangu wa haraka wote, sijui kwa nini, huja Ijumaa mchana. Alijaribu kuniuzia mashine ya hatua mbili, inayobana gesi mara mbili mfululizo, ambayo ingemeza hewa yote ya karakana na kubakiza vijana wa mchanga wakiota jua. Tulivutana wiki nzima. Mwishowe tukakubaliana ya 1 kwa 40, inayosukuma pande zote mbili. Kwenye aina hiyo presha ya gesi inayoingia inasaidia kusukuma, inaongezwa juu ya hesabu. Kwa hewa mbaya kabisa ya 5.5 na mtungi uliobaki bar 30, inafia kwenye 250 hivi, kwa hiyo kwenye 180 bado ina pumzi.

Nilimlipa nusu. Nusu ya pili nilisema nitatoa baada ya kuiona ikifanya kazi hapa, kwa hewa yetu, saa tano asubuhi, mchanga umefunguliwa na rangi inapigwa, mtungi wa kuingizia ukiwa umeshashuka mpaka 30. Alikubali bila kubishana, na hapo ndipo nilipoacha kulinganisha.

Mashine ilifika kwa lori la usiku. Siku ya jaribio tulifika 180 kabla chai haijapoa, nikamlipa. Asubuhi iliyofuata mteja akapiga simu akifoka: geji yake inasoma 168, tumemwuzia akyumuleta inayovuja. Zamani ningempigia muuzaji papo hapo. Safari hii nilimuuliza Mzee, naye akauliza kama jana tuliacha ipoe kabla ya kufunga. Hatukuiacha. Gesi iliyotoka kwenye busta ikiwa na nyuzi 42, ikalala usiku wa Nairobi mpaka nyuzi 22, inapoteza bar kama 12 bila kuvuja hata punje. Tukaijaza tena bure. Sasa tunasubiri.

Ule ujumbe

Wiki iliyopita nilimpigia yule muuzaji wa kwanza. Nilimwambia mashine yake ilikuwa sawa na hewa yangu ndiyo ilikuwa mbovu. Kimya kirefu.

“Madam, niliuona ule ujumbe,” akasema. “Wateja wawili walinionyesha.”

Hakunitukana. Ningefadhalisha anitukane.

“Lakini nawe hukuniuliza,” nikasema. “Uliponiuzia hukuniuliza hewa yangu ni ya namna gani.”

“Ungeniambia saba,” akasema.

Ningemwambia saba.

Niliandika kwenye kundi jioni hiyohiyo. Nilifuta mara nne. Mwishowe ulisomeka hivi: busta niliyosema ni ya uongo, nilikosea, presha ya hewa yangu ilikuwa pungufu nami sikupima. Nikaongeza kwamba kuhusu oksijeni sikubaliani naye hata kidogo, na anayetaka kujua kwa nini anipigie. Wawili waliweka dole gumba. Mmoja akauliza kama ile ya zamani naiuza. Kisha likaja tangazo la mchango wa mazishi, na asubuhi picha ya ua lenye maneno ya kuwatakia wote siku njema, na ujumbe wangu ukapotelea juu huko.

Ule wa kwanza haujapotea. Juzi kuna mtu nisiyemjua, wa Nakuru, alinitumia maneno yangu mwenyewe. Yamepita mikono mingi mpaka jina langu limedondoka njiani, la muuzaji limebaki. Chini yake ameuliza, “Dada, nimeambiwa unajua mambo ya busta. Hii ni kweli?”

Nilianza kuandika jibu, likawa refu, nikalifuta, nikampigia.